Lugha ya Tahadhari: Mafuriko na Joto katika Delta ya Mto Tana

Mkazi wa Ngao aweza kuamka asubuhi akaiona mbingu safi isiyo na wingu, na siku iyo hiyo maji yakamwingilia nyumbani. Mafuriko ya sehemu hiyo ya Garsen aghalabu hayatokani na mvua iliyonyesha papo hapo. Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya, huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha ukateremka Garissa na Hola kabla ya kutawanyika deltani na kuingia baharini karibu na Kipini. Maji yanayomwagika Masinga huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Siku hizo ndizo fursa ya kuokoa watu na mali, na chombo cha kuitumia fursa hiyo ni lugha.

Tahadhari nyingi za kitaalamu hutungwa kwanza kwa Kiingereza, kisha zikafasiriwa. Utabiri wa msimu husema huenda mvua ikawa “juu ya wastani”. Kisarufi tafsiri hiyo haina kasoro. Lakini wastani ni dhana ya takwimu, na mkulima wa mpunga hapimi msimu wake kwa takwimu. Isitoshe, mvua inayozungumziwa ni ya wapi? Ngao yaweza kupata mvua ya kawaida tu, na bado ikafurika kwa mvua ya Nyeri.

Neno “juu” lina utata mwingine ulio mzito zaidi. Wakazi wa sehemu za chini huambiwa wahamie sehemu za juu. Kwa mtu wa mtoni, juu ni palipoinuka, lakini pia ni upande mto unakotoka. Delta ni tambarare. Mwinuko wa kweli si rahisi kuuona kwa macho. Atakayeelewa maana ya pili ataufuata ukingo wa mto na kuyakabili maji yenyewe. Tangazo linalotaja mahali kwa jina, iwe shule au soko, huondoa utata huo bila kuhitaji istilahi mpya hata moja.

Maneno “ilani”, “tahadhari” na “onyo” nayo hutumiwa ovyo, kana kwamba ni visawe. Ilani ni taarifa tu. Tahadhari humtaka mtu ajiandae. Onyo huashiria kwamba hatari imekaribia. Yakichanganywa, msikilizaji hukosa kipimo cha kujua kama afunge mizigo au akimbie.

Yafaa kukumbuka pia kwamba Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, ilhali lugha ya Waorma ni ya Kikushi. Tangazo moja la redio halisikiki kwa namna moja katika nyumba ya mkulima na katika boma la mfugaji. Tena maji si adui mtupu: Wapokomo wamelima mpunga kwa kutegemea mafuriko tangu zamani, na nyasi za delta huwavuta wafugaji wakati wa kiangazi. Anayeambiwa “mafuriko yanakuja” bila kuelezwa ukubwa wake ana sababu ya kusubiri. Wengi wanaolaumiwa kwa ukaidi hawakuelezwa.

Joto la kaskazi, hasa kati ya Januari na Machi, hutangazwa kwa nyuzi. Nyuzi hazimwambii mtu la kufanya. Saa humwambia: kazi ya shamba isimame kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, maji yanywewe kabla ya kiu, anayeacha kutoka jasho na kuanza kuweweseka apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, kisha akimbizwe hospitali.

Mwezi Aprili 2024, mabwawa yalipokuwa yakijaa, tahadhari zilitolewa kwa wakazi wa kando ya Tana. Tarehe 28 mwezi huo, boti ilipinduka Kona Punda, karibu na Garissa, na watu wakapoteza maisha. Tangazo la hali kama hiyo lingeweza kuwa fupi tu: “Maji yamepanda Garissa tangu jana na yanateremka Garsen. Vusheni watoto, wazee na mifugo leo kabla ya magharibi. Msingoje mvua. Chombo kikijaa, msipande.”