Sabini ya Nairobi si sabini ya Madina: Kuhesabu na kugeuza wastani wa chuo kikuu

Msimu wa mahafali ukipita, vijana wetu wa Msambweni, kuanzia Gazi hadi Ramisi, huanza kunijia na bahasha za kaki. Ndani mna transkripti na swali huwa moja: "Shikamoo mwalimu, hii GPA yangu ni ngapi?" Wengine wanataka kuomba ufadhili wa shahada ya pili Ujerumani au Marekani. Wengine wametoka kusoma Madina, Unguja au Mbale na sasa wanatafuta kazi hapa nyumbani, na fomu inawauliza daraja la shahada yao.

Swali hili laonekana dogo, lakini nimeona vijana wenye alama nzuri wakijinyima nafasi kwa kugawanya vibaya, na wengine wakijipa daraja wasilokuwa nalo. Mzazi aliyeuza nazi na mbuzi miaka minne kulipa karo hastahili mwanawe akwame kwa hesabu ya dakika kumi. Kwa hiyo leo nataka tuifanye hesabu hiyo pamoja, polepole.

Jambo la kwanza kulishika ni hili: alama bila mizani yake haina maana. Mtu akikwambia amenunua mchele nne, utamuuliza, nne za nini? Vibaba vinne ni pishi moja, na pishi nne ni jambo jingine kabisa. GPA ni vivyo hivyo. Nne kati ya nne ni kilele, nne kati ya tano si kilele.

Hesabu ya Kenya

Vyuo vingi vya Kenya havitumii GPA. Hutumia asilimia. Kila somo lina alama zake kati ya 100, na wastani wa masomo yote ndio unaotoa daraja. Sabini kwenda juu ni daraja la kwanza. Sitini hadi 69 ni daraja la pili la juu. Hamsini hadi 59 ni daraja la pili la chini. Arubaini hadi 49 ni pasi. Kwa herufi, A huanzia 70, B 60, C 50 na D 40. Kuna tofauti chache: kozi za udaktari hudai 50 ili ufaulu, na USIU ya Nairobi hufuata mizani ya Marekani ya 4.0. Kwa hiyo soma kanuni za chuo chako kwanza.

Tuchukue mwanafunzi mwenye masomo manane yenye uzito sawa: 72, 65, 58, 61, 70, 54, 66 na 62. Jumla yake ni 508. Gawanya kwa 8, unapata 63.5. Huyo ana daraja la pili la juu.

Sasa tuseme lile somo la 58 alilianguka, akalirudia. Vyuo vingi humpa anayerudia mtihani alama 40 tu hata akifanya vizuri vipi. Jumla inashuka hadi 490 na wastani unakuwa 61.25. Somo moja limemla zaidi ya alama mbili. Aliye karibu na mpaka wa daraja anaweza kuangushwa na karatasi moja ya mwaka wa kwanza, wakati ambapo wengi hudhani mwaka huo ni wa kuzoea chuo tu.

Hesabu ya Tanzania na Uganda

Wanaovuka Lungalunga kwenda kusoma Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar hukutana na mizani ya tano. Kwa utaratibu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A huanzia 70 na ina pointi 5, B+ huanzia 60 na ina pointi 4, B huanzia 50 na ina 3, na C huanzia 40 na ina 2. Kila somo lina krediti zake, yaani uzito wake. Unazidisha pointi kwa krediti, unajumlisha, kisha unagawanya kwa jumla ya krediti.

Mfano: somo la krediti 12 lenye A, la krediti 10 lenye B+, la krediti 8 lenye B, na la krediti 10 lenye C. Hiyo ni 60, 40, 24 na 20. Jumla ni pointi 144 kwa krediti 40, na GPA ya muhula ni 3.6.

Hapa ndipo wengi hupotea. Muhula wa pili mwanafunzi huyo akisoma krediti 60 na kupata 3.4, atachukua 3.6 na 3.4, agawanye kwa mbili, aseme ana 3.5. Hapana. Muhula wa pili ulikuwa mzito zaidi. Pointi zake ni 204, ukiongeza 144 unapata 348. Gawanya kwa krediti 100, unapata 3.48. Na kule Tanzania GPA ya jumla hukatwa kwenye desimali moja, haipandishwi. Kwa hiyo ana 3.4.

Usiidharau hiyo moja ya kumi. Daraja la pili la juu Tanzania huanzia 3.5. Yeye yuko 3.4, daraja la pili la chini. Daraja la kwanza huanzia 4.4, na pasi ni 2.0 hadi 2.6.

Uganda nako ni mizani ya tano, lakini ngazi zake si zile. Makerere A huanzia 80 si 70, na anayepata chini ya 50 hajafika pointi 2 za kufaulu. Daraja la pili la juu ni 3.60 hadi 4.39. Kwa hiyo mwenye 3.5 wa Dar es Salaam na mwenye 3.5 wa Makerere hawana daraja moja.

Ajabu ni kwamba vyuo hivi ni ndugu. Kuanzia 1963 hadi 1970 Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kabla ya hapo mizizi yao ilikuwa kwenye shahada za Chuo Kikuu cha London. Majina ya madaraja yamebaki yale yale ya Kiingereza. Vipimo ndivyo vilivyoachana.

Waliosoma Saudia

Vyuo vya Saudi Arabia hutumia mizani ya tano au ya nne, na kufaulu kwao huanzia 60, si 40. Katika mizani ya tano, 95 kwenda juu ni pointi 5, na 70 hadi 74 ni C yenye pointi 3. GPA ya 4.5 kwenda juu ni mumtaz, 3.75 hadi chini ya 4.5 ni jayyid jiddan, 2.75 hadi chini ya 3.75 ni jayyid, na kuanzia 2 hadi hapo ni maqbul.

Basi mtu akirudi na 78 ya huko, asijiandikie daraja la kwanza kwa kuwa amepita 70 ya Kenya. Hiyo ni C+, pointi 3.5, jayyid. Na Mkenya mwenye 70 akienda huko asikubali kuambiwa ana C, kwani kwetu 70 ni A na wanaoifikia si wengi.

Aliye na shahada ya nje na anataka itambuliwe hapa, mlango wake ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Hiyo ndiyo inayotambua na kulinganisha shahada za nje. Usimwachie ofisa wa ajira akukisie.

Kugeuza kwenda Marekani na Ujerumani

Turudi kwa yule kijana wa Kenya mwenye 63.5. Fomu ya Marekani inataka GPA ya mizani ya nne. Akienda kwenye simu akapiga 63.5 gawanya kwa 100, zidisha kwa 4, atapata 2.54. Vyuo vingi vya huko hudai angalau 3.0 kwa shahada ya pili. Atafunga fomu, aseme si riziki.

Lakini njia hiyo si sahihi, kwa sababu Marekani 70 kwa kawaida ni C, na kwetu ni A. Kinacholinganishwa ni herufi ya kila somo. Masomo yake manane yana A mbili, B nne na C mbili. Kwa pointi za Marekani, A ni 4, B ni 3 na C ni 2. Hiyo ni 8, 12 na 4. Jumla ni 24, gawanya kwa 8, unapata 3.0. Transkripti ni ile ile, kijana ni yule yule, lakini sasa amefika mlangoni. Hesabu hii ni ya kukadiria tu. Uamuzi ni wa chuo au wa taasisi ya tathmini waliyoichagua, na mara nyingi wao hugeuza wenyewe.

Ujerumani wana mtindo wao unaoitwa fomula ya Bavaria iliyorekebishwa. Huko 1 ndiyo bora na 4 ndiyo ya chini ya kufaulu. Chukua alama ya juu kabisa, toa yako. Gawanya kwa alama ya juu kabisa ukitoa ya kufaulu. Zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwa 63.5 ni 36.5 gawanya kwa 60, mara 3, ongeza 1. Unapata kama 2.8.

Tazama sasa jambo hili. Mkenya wa daraja la kwanza mwenye 70 atapata 2.5 kwa fomula hiyo. Mtanzania wa daraja la kwanza mwenye 4.4 atapata 1.6. Wote ni daraja la kwanza. Tofauti ni kwamba Tanzania A yoyote ni pointi 5 kamili, kwa hiyo kilele kinafikika, na kwetu kilele ni 100 ambayo karibu hakuna anayeipata. Fomula haijui hilo. Lazima mtu aieleze, na mtu huyo ni wewe pamoja na chuo chako. Omba barua ya msajili inayotaja daraja lako na, ikiwezekana, nafasi yako katika darasa. Iambatanishe.

La kufanya

Ukiomba transkripti rasmi, hakikisha ufunguo wa madaraja umo. Mara nyingi huwa nyuma ya karatasi, na ukipiga kopi upande mmoja tu umeutupa. Fomu ikikupa nafasi, andika alama kama zilivyo: "63.5 kati ya 100, kufaulu ni 40, daraja la pili la juu." Ikilazimisha 4.0, fuata maelekezo yake, na pasipo na maelekezo tumia njia ya herufi kisha eleza ulivyohesabu. Usikadirie juu. Mwenye 59.6 asiandike 60 mpaka chuo chake kiseme hivyo, kwani transkripti itakuja kumsuta.

Kwa wazazi, msingoje mwaka wa nne. Muulizeni mwanenu mwishoni mwa muhula wa kwanza wastani wake ni ngapi, na kama kuna somo ameanguka. Wakati huo bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Na kwa vyuo vyetu, hasa Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vinavyopokea vijana wengi wa Kwale, naomba jambo moja lisilogharimu kitu. Mwanafunzi mpya anapofika, pamoja na kuonyeshwa maktaba na mabweni, akalishwe saa moja afundishwe alama zake zitakavyohesabiwa na zitakavyosomwa nje. Wa mjini ana kaka au mjomba wa kumwambia. Wa Bodo au Mwaembe, ambaye ndiye wa kwanza kwao kuingia chuo kikuu, hana.