MAWAA SUGU JUU YA VIOO VYA MADIRISHA
Jua asili ya waa kabla ya kulisugua

Watu wengi wenye nyumba za zamani, toka ufuko wa ziwa pale Kisumu hata Mamboleo kwenye njia ya Kakamega, hulalamika kwamba vioo vya madirisha yao havitakati. Huviosha kwa sabuni, huvisugua kwa nguvu, navyo vikisha kukauka mawaa yapo pale pale. Mwisho mwenye nyumba hushikwa na hasira, akachukua mchanga au waya wa kusugulia masufuria. Na kufika jioni, kioo kilichokuwa na waa moja kimepata mikwaruzo mia.

Hasara hiyo si ndogo. Kioo kipya hununuliwa kwa fedha, na fundi naye hutaka ujira wake. Tena chumba chenye vioo vya ukungu huwa na giza, na mtoto asomaye humo huhitaji taa kabla jua halijatua. Kwa hiyo yafaa kila mwenye nyumba ajue jambo moja: mawaa si ya jamii moja, na dawa ya hili si dawa ya lile.

KIOO NI KITU GANI?

Kioo cha dirisha hutengenezwa kwa kuyeyusha mchanga, magadi na chokaa katika tanuri lenye moto mkali sana. Karibu sehemu 7 katika kila 10 ni mchanga. Magadi huufanya mchanga uyeyuke upesi zaidi, na chokaa hukipa kioo nguvu ya kustahimili maji. Sisi watu wa Kenya hatuna haja ya kustaajabia habari hizi, maana magadi ya Ziwa Magadi, ambayo kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, yamepelekwa nchi nyingi kwa kazi hiyo hiyo ya kutengeneza vioo.

Katika maelezo hayo mna mafundisho mawili. La kwanza, mchanga ni mgumu kuliko kioo, kwa hiyo kusugua kioo kwa mchanga ni kukikwaruza. La pili, maji yakikaa juu ya kioo siku nyingi huyanyonya magadi yaliyomo, yakawa makali, kisha yakaanza kuula uso wa kioo chenyewe.

JAMII ZA MAWAA NA DAWA ZAKE

1. Wadudu wa ziwani. Wale wadudu wadogo ambao Wajaluo huwaita sami hukua katika tope la chini ya ziwa, kisha hutoka kwa makundi makubwa, hasa mwezi unapoandama, hata huonekana kwa mbali kama moshi juu ya maji. David Livingstone aliona makundi ya namna hiyo katika Ziwa Nyasa katika karne ya 19. Hawaumi mtu, lakini hupenda taa, na hujaa vioo vyote vya chumba chenye mwanga. Usiwafute kwa kitambaa kikavu, maana utawaponda na kupaka mafuta ya miili yao kioo kizima. Kwanza waondoe kwa brashi laini au ufagio wa manyoya. Kisha osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Osha asubuhi ya pili yake, usingoje wiki ipite.

2. Moshi na mafuta. Taa ya mafuta, jiko la kuni na mafuta ya kukaangia huacha utando wa rangi ya kahawia. Sabuni peke yake hushindwa. Tia magadi kidogo ya kufulia katika maji ya moto, ufute kioo, kisha usuuze mara moja. Ukiona bado kinateleza, kipitishie kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, umalizie kwa sabuni.

3. Chokaa. Maji ya visima vingine yana chokaa, na tone likikauka huacha duara jeupe. Mapambo ya nyumba kwa chokaa na kazi ya saruji huacha matone kama hayo. Magadi hayawezi kitu hapa. Dawa yake ni kitu kichungu, yaani siki au maji ya limau. Lowesha kitambaa kwa siki, ukibandike juu ya waa kwa muda wa dakika 15, kisha futa na usuuze kwa maji mengi. Angalia siki isichuruzike juu ya saruji wala chuma cha dirisha, maana huvila pia. Saruji au chokaa mbichi ikirukia kioo, ioshe siku ile ile, kwa sababu ni kali na huacha alama ya daima.

4. Rangi na puti. Lowesha kioo kwa maji ya sabuni, ulaze wembe mpya karibu sawa na kioo, ukausukume kwa upande mmoja tu bila kuurudisha nyuma. Usifanye hivyo kioo kikiwa kikavu.

JARIBIO LA TONE MOJA

Liko waa la tano, ambalo si uchafu kabisa. Ni kioo chenyewe kilicholiwa na maji, kama ilivyoelezwa hapo juu. Kulitambua ni rahisi. Lowesha kioo: waa likitoweka, na kurudi kioo kikikauka, ni chokaa au ni kioo kilicholiwa. Weka tone la siki juu yake kwa dakika 10, kisha suuza na ukaushe. Ikiwa mahali pale pametakata, ni chokaa. Endelea na kazi. Ikiwa hapakubadilika, jaribu mara moja tena, halafu acha. Kusugua hakuwezi kurudisha kilichokwisha liwa. Waa jepesi laweza kupunguzwa kwa unga laini wa chaki uliolowanishwa, kwani chaki ni laini kuliko kioo, lakini waa zito dawa yake ni kioo kipya.

Ndiyo sababu vioo vya akiba havifai kulazwa kimoja juu ya kingine mahali penye unyevu. Visimamishwe mahali pakavu, na karatasi iwekwe kati ya kila kioo na kingine.

MAMBO YA HATARI

Usichanganye kamwe siki na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe kama Jik. Vikikutana hutoa hewa yenye sumu iumizayo mapafu. Wala usitumie maji ya betri, maana huunguza ngozi na kupofusha macho.

Tena, rangi za zamani za fremu za madirisha mara nyingi zilitiwa risasi, nayo ni sumu inayodhuru akili za watoto. Usizikwangue zikiwa kavu, vumbi likaruka. Zilowanishe kwanza, watoto wawe mbali, na maganda yote yakusanywe na kutupwa pasipo na watoto wala kuku.

NAMNA YA KUMALIZIA

Osha vioo asubuhi na mapema au siku ya mawingu. Jua la Kisumu hukausha maji kabla hujayafuta, na hapo michirizi hutokea. Suuza kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, kwa kuwa hayana chokaa. Kausha kwa gazeti kuukuu lililokunjwakunjwa. Upande wa ndani futa kwa kwenda juu na chini, na upande wa nje futa kwa kwenda kulia na kushoto. Mchirizi ukibaki utajua mara moja uko upande gani.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayefuta vioo vyake kila mwezi hutumia kitambaa na ndoo moja ya maji. Anayengoja mwaka hutumia siki, wembe na siku nzima. Naye anayengoja miaka kumi huenda dukani kununua kioo.