Chatu akisusia chakula msimu wa kuzaana si lazima awe mgonjwa

HUMTIA mfugaji hofu kumwona nyoka wake akimpuuza panya ambaye mwezi uliopita angemmeza bila kusita. Wiki ya kwanza hupita, kisha ya pili, na bado hali ni ile ile.

Jambo hili huwakumba sana wanaofuga chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye asili yake ni nchi kama vile Ghana, Togo na Benin. Nyoka huyu, ambaye kwa kawaida hazidi urefu wa mita moja na nusu, hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa anapoogopa. Kutokana na upole wake, anafugwa kwa wingi majumbani Marekani na Ulaya. Humu nchini, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayetaka kufuga nyoka awe na kibali.

Msimu wa kuzaana unapowadia, dume anaweza kususia chakula kwa wiki kadhaa, hata miezi, kwa kuwa haja yake kuu wakati huo ni kumtafuta jike. Jike naye hula kwa pupa mwanzoni ili kuweka akiba ya mafuta, kisha huacha mayai yanapokua tumboni. Akishataga, huyazingira mayai kwa mwili wake kwa takriban miezi miwili, na aghalabu hali chochote.

Nyoka hustahimili mfungo huo kwa sababu, tofauti na binadamu, hatumii chakula kuupasha mwili joto. Joto lake hutoka katika mazingira.

Kosa kubwa ni kumlazimisha. Kumsukumia panya kinywani kunaweza kumjeruhi, na huenda akamtapika. Aidha, panya hai asiachwe kizimbani, kwani anaweza kumng'ata nyoka asiyetaka kula na kumtia vidonda vibaya.

Hata hivyo, si kila mgomo unaletwa na msimu. Baridi, utitiri na maradhi ya mapafu pia huondoa hamu ya kula, na anayesingizia msimu huenda akampoteza nyoka wake. Kwanza, mfugaji ahakikishe kuwa upande mmoja wa kizimba una joto la nyuzi 31 hivi, na kwamba maji safi yapo daima.

Pili, ampime uzito kila wiki. Dume mwenye afya hupungua kidogo tu. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, akipumua kwa sauti au akitokwa na mapovu mdomoni, apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Jike hupungua zaidi kwa sababu ya kutaga, lakini hurejelea kula mayai yakianguliwa au yakiondolewa.

Iwapo mizani haionyeshi hatari, dawa ni subira.