Mkanda wa Njano Kwenye Pua ya Bomu

Chukua picha yoyote ya ndege ya kivita ya Marekani iliyobeba kombora aina ya Sidewinder, lile jembamba la kijivu linalofungwa kwenye ncha ya bawa au chini yake. Fundi wa silaha akilitazama, jicho lake linakwenda moja kwa moja kwenye mikanda ya rangi iliyolizunguka. Mkanda wa njano karibu na sehemu ya mbele maana yake kichwa cha kombora kimejazwa kilipuzi kikali. Mkanda wa kahawia huko nyuma maana yake injini ya roketi ina baruti yake. Akikuta mikanda ya buluu badala ya hiyo, anajua ni kombora la mazoezi: kifaa cha kunusa joto ni cha kweli na rubani anaweza kujifunza nacho kulenga ndege ya mwenzake, ila hakuna kichwa cha kulipuka wala injini, na kombora linarudi nyumbani likiwa palepale bawani.

Utaratibu huu umeandikwa katika kiwango cha jeshi la Marekani kiitwacho MIL-STD-709, na nchi za NATO zina utaratibu unaofanana nao. Msingi wake ni tofauti kati ya kulipuka na kuungua. Kilipuzi kikali, chenye alama ya njano, hupasuka kwa kasi inayoipita sauti, na wimbi lake huvunja chuma na mifupa. Kilichowekewa alama ya kahawia huungua. Huungua kwa kasi ya kutisha na kinaweza kuua, lakini huungua. Rangi nyingine zina kazi finyu zaidi: kijani kilichopauka kwa moshi, nyekundu iliyopauka kwa mabomu ya kuchoma, nyeupe kwa yale ya kumulika usiku. Kwa mabomu ya ndege, anayezijua vizuri njano, kahawia na buluu ameshapata sehemu kubwa ya somo.

Rangi hizi ziliwekwa kwa ajili ya watu wa ndani: mafundi wanaopakia mabomu gizani, watunza ghala, na kikosi cha zimamoto. Haja ya zimamoto ilionekana wazi tarehe 29 Julai 1967. Siku hiyo, katika Ghuba ya Tonkin karibu na Vietnam, roketi ya Zuni ilifyatuka kwa bahati mbaya kutoka kwenye ndege moja juu ya sitaha ya Forrestal, meli ya Marekani ya kubebea ndege, ikaigonga ndege nyingine. Mafuta yakamwagika na kuwaka chini ya ndege zilizokwisha kupakiwa mabomu. Baadhi ya mabomu hayo yalikuwa ya zamani, ya ratili 1,000, yenye kilipuzi kisichostahimili moto. Zimamoto walikimbilia pale wakiamini wana dakika kadhaa za kuyapoza. Dakika mbili hazikupita, bomu la kwanza likalipuka na kuwaua wengi wao. Siku hiyo walikufa watu 134.

Baada ya hapo jeshi la wanamaji la Marekani likaanza kuyapaka mabomu yake gamba nene la kukinga joto. Ndiyo maana bomu la familia ya Mk 80 linalokaa melini lina ngozi yenye vipele, na puani pake pana mikanda miwili ya njano, ilhali lisilo na gamba hilo ni laini na lina mkanda mmoja. Mabomu yote mawili yamejaa kilipuzi, yote mawili yanaua. Mkanda wa pili unamwambia zimamoto kwamba bomu hili litavumilia moto kwa dakika chache zaidi kabla ya kulipuka. Sijui alama nyingine ndogo kiasi hicho iliyolipiwa kwa gharama kubwa namna hiyo.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wapenzi wa ndege ni kudhani kwamba buluu ni salama. Buluu ni rangi ya mazoezi, na zana ya mazoezi si lazima iwe tupu. Bomu dogo la BDU-33, la kilo 11 hivi, limepakwa buluu mwili mzima, lakini ndani yake mna fataki inayofyatuka bomu linapogonga chini na kutoa mmweko na moshi kupitia mkiani, ili mwalimu aone lilipoangukia. Fataki hiyo ikiwa haijafyatuka, anayeliokota bomu na kuligeuzageuza yumo hatarini kupoteza vidole au macho. Kwa sababu hiyo utaratibu unataka zana ya buluu yenye baruti ya kuungua iwekwe mkanda wa kahawia, na yenye kilipuzi kikali iwekwe wa njano. Zana ambayo haina kitu kabisa, ile ya kufundishia wapakiaji, ina rangi yake: shaba. Sasa fikiria shaba iliyopigwa jua miaka kumi, halafu kahawia iliyofifia kwa vumbi. Moja ni chuma kitupu, nyingine ina baruti, na kwa macho ya mpita njia zinakaribia kulingana.

Hata bomu lisilo na kilipuzi hata chembe linaweza kuwa silaha. Mwaka 1999 Marekani ilidondosha kaskazini mwa Iraki mabomu yaliyojazwa zege yakiongozwa kwa miale ya leza, ili kuvunja mitambo ya kutungulia ndege bila kubomoa nyumba za jirani. Ufaransa ilifanya vivyo hivyo dhidi ya vifaru nchini Libya mwaka 2011. Chuma na zege vya mamia ya kilo vikianguka kutoka angani havihitaji baruti.

Halafu kuna njano yenyewe, ilipotoka mikononi mwa mafundi na kuwafikia wasiofundishwa. Vita vya Afghanistan vilipoanza mwaka 2001, ndege za Marekani zilidondosha mabomu ya mtawanyiko ya CBU-87, kila moja likiwa na vibomu 202 aina ya BLU-97. Kibomu hicho kina ukubwa wa kopo la soda, na kimepakwa njano kwa kuufuata utaratibu barabara. Katika wiki hizohizo ndege nyingine zilikuwa zikidondosha chakula cha msaada, na pakiti zake nazo zilikuwa za njano. Ilibidi redio zitangaze kwa lugha za Kiafghani namna ya kutofautisha chakula na kifo, na Novemba mwaka huohuo Marekani ikatangaza kwamba pakiti zitabadilishwa ziwe za buluu. Kumtegemea mtoto mwenye njaa asikilize redio kwanza lilikuwa jambo la aibu, na inafaa lisemwe hivyo.

Kwetu hapa utaratibu huu una mpaka mwingine. Silaha nyingi zilizoingia Afrika zilitoka Urusi ya Kisovieti na China, ambako taarifa muhimu huandikwa kwa herufi juu ya mwili wa kijivu au kijani; bomu la Kirusi lisilo na kilipuzi huandikwa ИНЕРТ. Asiyezisoma herufi hizo hana mkanda wa kumsaidia. Na maghala ya jeshi yalipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, jijini Dar es Salaam, mabomu yaliruka hadi kwenye makazi ya watu baada ya kupita motoni. Rangi iliyoungua haisemi chochote. Nchini Kenya, katika maeneo ya Archers Post na Dol Dol yaliyotumiwa na jeshi la Uingereza kwa mazoezi, Wamasai na Wasamburu walijeruhiwa na kuuawa kwa miaka mingi na mabaki ya silaha, wakiwemo watoto, hadi Uingereza ilipokubali mwaka 2002 kulipa fidia ya pauni milioni 4.5.

Mtaalamu wa kutegua mabomu anayefika mahali kama hapo huanza na umbo la bomu, mapezi yake na aina ya fyuzi, kisha maandishi, na rangi huichukulia kama shahidi mmoja kati ya wengi. Huangalia pia kama ganda limetobolewa matundu, kama yanavyofanyiwa mabomu ya maonyesho, na akiwa na shaka hulipiga picha ya eksirei bila kulisogeza. Asiye mtaalamu asiliguse, asilipige teke, asilirushie jiwe. Arudi kwa njia ileile aliyojia, aweke alama inayoonekana kwa mbali, awazuie watoto na mifugo, kisha awaite polisi, hata kama alichokiona kina rangi ya buluu.