Kuchemka Si Sawa na Kugongwa

Masizi yanayoganda kwenye sufuria ya kuni, moshi wa nyama choma na vile vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyotia kabatini kufukuza nondo vina molekuli za ukoo mmoja: hidrokaboni aromatiki. Ni atomi za kaboni zilizoshikamana katika pete, nyingi za pembe sita, na hidrojeni zimejipanga ukingoni. Molekuli hizi ni sugu. Tangu miaka ya 1980 wanaastronomia wengi wamekubali kwamba zimetapakaa hata baina ya nyota, kwa kuwa mwanga wa infraredi unaotoka huko umebeba alama zake, mojawapo kwenye mikromita 3.3.

Sugu, lakini huvunjika, tena kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Ya kwanza ni ya joto. Molekuli ikipokea nishati, iwe ya mwanga au ya mgongano uliozitikisa elektroni zake, nishati hiyo husambaa kote. Atomi zote hutetema, mpaka kifungo kilicho dhaifu kiachie. Aghalabu hutoka hidrojeni moja, au kaboni mbili pamoja na hidrojeni mbili, yaani asetilini, gesi ileile ya mafundi wa kuchomelea. Gharama yake ni elektronivolti (kizio cha nishati) 5 hadi 7 hivi.

Njia ya pili haina subira. Atomi ya heli ikija kasi ikaipata kaboni moja barabara, kaboni hiyo hung'oka kabla jirani zake hazijapata habari. Wachezaji wa keram wanalijua pigo hili: kete iliyogongwa inaruka, zilizo kando zimetulia. Gawa sekunde moja katika vipande milioni bilioni. Tukio zima huisha ndani ya vipande vichache.

Ushahidi uko kwenye mizani. Anthrasini, mojawapo ya molekuli za ukoo huu, ina uzito wa 178 katika vizio vya atomi. Ikipoteza hidrojeni inabaki 177, ikipoteza asetilini 152. Kati ya 163 na 166, ambako kaboni moja tu ndiyo imetoka, joto huacha karibu patupu. Irushe anthrasini ndani ya heli kwa kasi ya kutosha, na vipande vinajitokeza hapohapo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm, Sweden, walitangaza kizingiti cha pigo hilo kwa molekuli za ukoo huu: mgongano wa elektronivolti 32.5, ambapo takriban 23 huingia kwenye molekuli. Ni zaidi ya mara tatu ya gharama ya joto.

Heli yenye nishati hiyo huenda kama kilomita 40 kwa sekunde. Duniani inabidi tuitengenezee mitambo. Angani ni jambo la kawaida, maana mawimbi ya mshtuko ya nyota zilizolipuka huipita kasi hiyo kwa mbali. Hesabu za wanaastronomia Micelotta, Jones na Tielens za mwaka 2010 zinaonyesha kwamba molekuli ya kaboni 50 haisalimiki mshtuko ukizidi kilomita 100 kwa sekunde. Kati ya 75 na 100 inaponea chupuchupu, imepoteza asilimia 20 hadi 40 ya kaboni zake.

Kwangu mimi majeruhi ndio wa kuvutia zaidi. Molekuli iliyong'olewa kaboni ina pengo na vifungo vilivyo wazi, na hukamata chochote kilicho karibu. Vikundi vya pirini, molekuli nyingine ya ukoo huu, vilipopigwa kwa ioni za agoni maabarani, vilitoa pia molekuli kubwa kuliko pirini yenyewe.