Sanaa ya Kamera (3): Lenzi Isiyovuta

Tulipomaliza urefu wa fokasi na tundu la lenzi, nilikusudia wiki hii tuingie kwenye lenzi za kuvuta. Lakini matangazo ya simu zenye kamera tatu mgongoni yamejaa magazetini, yote yakisifia kuvuta vya mbali, nami siwezi kuendelea kabla ya kuitetea lenzi ninayoiheshimu kuliko zote, ile ya milimita 50.

Asili yake ni Wetzlar, Ujerumani. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya hadubini ya Ernst Leitz, alikuwa na pumu, na kutembea na kamera kubwa ya mabamba ya vioo kulimmaliza pumzi. Akachukua filamu ya sinema. Badala ya kuishusha wima akaipitisha kwa mlalo, na fremu ya milimita 18 kwa 24 ikawa 24 kwa 36. Mwaka 1914 kamera ilishakamilika, vita vikaichelewesha. Kamera hiyo, Leica, ilioneshwa Leipzig mwaka 1925, ikiwa na lenzi moja tu isiyobanduka, ya milimita 50, iliyobuniwa na Max Berek.

Kwa nini 50? Pima fremu hiyo kona hadi kona: milimita 43 na ushei. Lenzi ikikaribia kipimo hicho, picha unayoitazama mkononi huonesha ukubwa na umbali wa vitu karibu kama ulivyoviona pale pale. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyeguswa na picha ya Martin Munkácsi ya wavulana watatu wakikimbilia mawimbi, ijulikanayo kwa jina la Ziwa Tanganyika, alianza kutumia Leica mwaka 1932, na sehemu kubwa ya kazi yake akaifanya kwa milimita 50.

Lenzi hii haivuti. Ukitaka uso wa mama muuza samaki, sharti umfuate alipo, umwamkie, aridhie. Anayemvuta kutoka ng'ambo ya barabara anamwibia sura yake, na hilo ni kosa la adabu kabla ya kuwa kosa la ufundi. Kamera kuu ya simu nayo ni pana, aghalabu sawa na milimita 24 hadi 26. Ukiikaribisha mno usoni, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Wahariri wasizichapishe sura za watu namna hiyo.

Kijana unayeanza, nunua 50 ya f/1.8 kwanza, mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Kama kihisi cha kamera yako ni kidogo, cha APS-C, chukua 35, ndiyo itakayokuwa 50 yako.