Kidole na Jicho Katika Shamba la Chai

Kwa Kiswahili kahawa huchumwa, na chai huchumwa vilevile. Kiingereza kimezigawa kazi hizo: buni mbivu huchukua kitenzi “pick”, lakini majani chai ya Kericho na Bomet huchukua “pluck”. Ukifungua kamusi utaona vyote viwili vimefasiriwa kuwa kuchuma, na hapo ndipo mwanafunzi hupotea.

“Pluck” ni kitenzi cha kidole. Kinataja mvuto mfupi wa ghafla: kunyonyoa kuku, kung’oa nywele za nyusi. Hata uzi wa gitaa hupigwa kwa “pluck”, ingawa haung’oki, maana kidole huvuta na kuachia papo hapo. Moyo, ini na mapafu ya mnyama aliyechinjwa, ambavyo hutolewa kwa pamoja, navyo vikaitwa “pluck”, na kutokana na nomino hiyo ikazaliwa maana ya ujasiri.

“Pick” inaegemea zaidi kwenye jicho. Hutumika kwa kudonoa na kuchokonoa meno, na anayedonoa hachukui kila kilicho mbele yake. Kwa hiyo kocha hu-“pick” kikosi. Akitumia “pluck” kwa mchezaji, atakuwa anasema kwamba amemnyakua ghafla kutoka mahali asikojulikana.

Ajabu ni kwamba chai inadai jicho kali. Mchumaji anatafuta majani mawili na chipukizi, anaacha machipukizi ambayo bado hayajafikia kuchumwa, na baada ya wiki moja au mbili anarudi kwenye kichaka kilekile. Kwa nini basi kazi hiyo isiitwe “picking”? Kampuni kama Brooke Bond zilipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, lugha ya kazi ilikuwa imeshakomaa India na Ceylon, ikaja nzima. Ushahidi ni neno “banjhi”, linalotumiwa na wataalamu wa chai hadi leo kwa chipukizi lililolala lisilokua. Hilo si la Kiingereza. Ni la Kihindi, na asili yake ni utasa. Suala la kuchagua halikupotea, bali lilihamia kwenye kivumishi. “Fine plucking” ni kuchuma machanga tu, na “coarse plucking” ni kuchuma pamoja na yaliyokomaa.

Tofauti hii ya vitenzi ina uzito kwa watu wanaolipwa kwa kilo. Mei 2023, mashine za kuchumia zilichomwa Kericho na watu waliohofia ajira zao. Taarifa za Kiingereza ziliziita mara “plucking machines”, mara “harvesters”. Naliona la pili kuwa la haki zaidi, kwa kuwa “harvest” husema tu kwamba mazao yametolewa shambani. Wembe wa mashine hukata usawa mmoja, jani changa na lililokomaa pamoja.

Wengi huko husema “kuchuna majani”. Walimu huwasahihisha, kwa kuwa katika Kiswahili sanifu kuchuna ni kuondoa ngozi. Mimi nisingefanya haraka kulifuta neno hilo, kwa sababu linamfanya msikilizaji auhisi mkono kama “pluck” inavyofanya. Anayetafsiri mwongozo wa mkulima atumie kuchuma au kuchuna kwa “pluck”, kadiri wasomaji wake wasemavyo. “Pick” yenye maana ya kuchagua aiandike kuteua. Na “coarse plucking” asiiite kuchuma vibaya. Ni kuchuma pamoja na majani yaliyokomaa, na mkulima anahitaji kujua ni jani lipi.